Harufu ya bangi: terpeni zinavyoundwa, zinavyopotea, na zinachofanya

THC, kemikali ya bangi inayolevya, haina harufu. CBD, mwenzake asiyelevya, nayo haina. Tuanzie hapo, kwa sababu mengi yanayosemwa kuhusu harufu ya bangi yanaporomoka papo hapo. Anayenusa ua na kutangaza kwamba "hii ni kali" hajanusa ukali wowote. Amenusa mafuta mepesi yanayoruka hewani, ambayo mmea huyatengeneza katika tezi zilezile zinazotengeneza THC, ila kwa kazi nyingine kabisa. Ua lenye THC asilimia 25 likitunzwa vibaya litanuka nyasi kavu, na lenye asilimia 8 lililotunzwa vizuri linaweza kujaza nyumba nzima.

Mafuta hayo mepesi, kwa sehemu kubwa, ni terpeni. (Nchi nyingi bado zinaharamisha bangi, na nyingine zimeiruhusu kwa masharti. Hapa tunazungumza kemia. Sheria ya mahali ulipo ijue mwenyewe.)

Kaboni kumi, kaboni kumi na tano

Terpeni zote hujengwa kwa tofali moja dogo lenye kaboni 5, liitwalo isopreni. Ukiunga matofali mawili unapata monoterpeni: kaboni 10, uzito wa molekuli 136. Humo ndimo walimo mirseni, limoneni, pineni, terpinoleni na osimeni. Ukiunga matatu unapata seskwiterpeni: kaboni 15, uzito 204. Hao ni akina kariofileni, humuleni na farneseni. Linaloli ina kaboni 10 pia, lakini imebeba oksijeni, na kwa sababu hiyo wakemia huiita terpenoidi. Katika mazungumzo ya kawaida wote huitwa terpeni na hakuna anayegombana.

Jina lenyewe limetokana na tapentaini, mafuta yanayokenekwa kutoka utomvu wa msonobari. Otto Wallach alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1910 kwa kazi iliyohusu zaidi kundi hili, na Leopold Ružička, aliyeeleza jinsi matofali ya isopreni yanavyoungana, akaipata mwaka 1939. Jambo lililowasumbua wakemia wa zamani ni hili: mirseni, limoneni na pineni zina fomula ileile, C10H16. Atomi ni zilezile kwa idadi ileile, tofauti ni umbo tu. Pua hutofautisha umbo hilo bila taabu, mizani haiwezi.

Kama kuna kitu kimoja cha kukariri katika makala hii, basi kiwe tofauti ya 10 na 15. Monoterpeni ni nyepesi na huruka upesi. Seskwiterpeni ni nzito na hung'ang'ania. Katika joto la kawaida la chumba, limoneni hutoa mvuke takriban mara mia ya ule wa kariofileni. Kwa nini bangi ya zamani hunuka viungo na mbao badala ya malimau, kwa nini pumzi ya kwanza ya kifaa cha mvuke ina ladha kuliko ya tano, kwa nini kusaga mapema ni hasara: yote yanarudi hapo.

Kiwandani

Ukitazama ua jike kwa lenzi ya kukuza mara 30 hadi 60 utaona vinyweleo vinavyofanana na uyoga: shina jembamba na kichwa cha mviringo kinachong'aa. Hizo ndizo tezi. Ziko za aina tatu, ndogo sana zisizoonekana kwa macho, zilizokaa bapa juu ya jani, na zenye shina. Hizi za mwisho ndizo zinazobeba mzigo mkubwa wa utomvu, na hujaa zaidi kwenye vijani vidogo vinavyokumbatia ua. Chini ya kichwa kuna chembe hai zilizojipanga kama sahani. Chembe hizo hutengeneza mafuta na kuyasukuma kwenye mfuko ulio juu yake, uliofunikwa na ngozi nyembamba sana. Ngozi hiyo ndiyo kizuizi pekee kati ya terpeni na hewa. Kidole kikiigusa, inapasuka. Ndiyo maana anayejua kazi hulishika ua kwa kikonyo, na halibonyezi ili "kusikia ubora".

Ndani ya chembe kuna njia panda. Molekuli iitwayo GPP, yenye kaboni 10, inaweza kuchukuliwa na vimeng'enya vya terpeni ikawa monoterpeni, au ikaunganishwa na asidi ya olivetoli ikawa CBGA, mama wa THCA na CBDA, asidi ambazo joto huzigeuza kuwa THC na CBD. Malighafi ni moja na wateja ni wawili. Seskwiterpeni hutoka kwenye molekuli nyingine, FPP, inayopikwa sehemu tofauti ya chembe.

Vimeng'enya hivi havina nidhamu. Kimoja kinaweza kutoa bidhaa kadhaa kwa mpigo, na mfano unaofaa kuukumbuka ni kile kinachotoa kariofileni na humuleni pamoja. Kwa hiyo katika maua halisi hizi mbili hutembea kama pacha, kariofileni ikiwa kwa kawaida mara mbili hadi nne ya mwenzake. Tutaihitaji habari hii tukifika kwenye vyeti vya maabara.

Na mmea unazitakia nini? Ulinzi, zaidi. Limoneni na pineni hufukuza wadudu, utomvu hunasa miguu yao, na uchungu wa seskwiterpeni humkatisha tamaa mnyama anayetafuna. Kariofileni ina kazi ya ajabu zaidi katika mimea mingine: mizizi ya mahindi ikishambuliwa na mabuu huitoa ardhini, nayo huita minyoo wadogo wanaokuja kuwaua mabuu hao. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi iliyopangwa kwa ajili ya mapafu au ubongo wa binadamu.

Nani ananuka nini

Mirseni ndiyo inayotawala maua mengi. Inanuka udongo, majani mabichi, kidogo kama embe lililoiva kupita kiasi. Ipo kwa wingi kwenye hopsi za bia na kwenye mchaichai. Limoneni ni ganda la chungwa. Alfa-pineni ni msonobari uliokatwa sasa hivi. Terpinoleni ni ngumu kuieleza: tamu, ya maua, kidogo ya rangi ya kuta, na mtu akiwahi kuinusa peke yake hataisahau. Ni mbegu chache tu zinazoitoa kwa wingi, na maua hayo hutambulika kirahisi kuliko mengine yote. Linaloli ni lavenda. Humuleni ni hopsi kavu.

Kariofileni inastahili nafasi yake. Jina limetoka kwenye jina la zamani la kisayansi la mkarafuu, na ndivyo inavyonuka, karafuu na pilipili manga. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba inajishika kwenye kipokezi cha CB2, kimojawapo cha vipokezi viwili vikuu vya kundi la THC. CB2 iko zaidi kwenye chembe za kinga kuliko kwenye ubongo, kwa hiyo kariofileni hailevyi. Inahusishwa na kupunguza uvimbe na maumivu. Kati ya terpeni za kawaida za bangi, hii ndiyo yenye ushahidi thabiti zaidi wa kujishika moja kwa moja kwenye kipokezi cha aina hiyo. Ikikutana na hewa hugeuka oksidi ya kariofileni, ambayo tangu miaka ya 1970 imetajwa kuwa harufu ambayo mbwa wa kunusa huifuata kwenye hashishi.

Hata hivyo, ukichanganya terpeni safi kwa vipimo vilevile vya ua fulani, hutapata harufu ya ua hilo. Utapata kitu kinachofanana na sabuni ya sakafu. Kinachokosekana kimeelezwa vizuri miaka ya karibuni tu. Mwaka 2021 ilichapishwa kazi iliyobainisha kwamba ule mnuko mkali wa bangi, ule unaofananishwa na mnyama skanki, unatokana na michanganyiko ya salfa, hasa thioli moja yenye kaboni 5. Ndiyo hiyohiyo inayoharibu bia ya chupa ya kijani iliyoachwa juani, na katika bia inatosha nanogramu chache kwa lita pua ikalalamika. Ni ndugu wa michanganyiko ya kitunguu saumu. Wingi wake katika ua ni mdogo mno ukilinganisha na terpeni, ila pua haihesabu kwa uzito. Mwaka 2023 kundi hilohilo la watafiti lilieleza pia salfa zenye harufu ya matunda, esta tamu, na skatoli, ambayo ikiwa nyingi hunuka kinyesi na ikiwa chembe hutoa uzito fulani unaopendwa na wengi.

Maana yake kwa vitendo: maua mawili yanaweza kuwa na orodha ileile ya terpeni kwenye cheti, moja likanuka machungwa na jingine petroli. Cheti hakijadanganya. Hakikupima salfa tu.

Kupotea

Utafiti mmoja wa mwaka 1996 bado ndio rejea yangu ya kwanza hapa, kwa sababu ulipima kitu rahisi: mafuta ya harufu katika maua mabichi na yaliyokaushwa kwa hewa. Maua mabichi yalikuwa na mafuta asilimia 0.29. Baada ya wiki moja ya kukaushwa, 0.20. Baada ya mwezi, 0.16. Baada ya miezi mitatu, 0.13. Zaidi ya nusu imeondoka, na walioondoka wengi ni monoterpeni. Seskwiterpeni zilibaki nyuma, sehemu yake katika mafuta ikapanda ingawa hakuna aliyeongeza tone. Mtu akisema maua yake "yamekomaa na kuwa ya viungo zaidi", mara nyingi anaeleza kilichobaki baada ya wenzake kuhama.

Kukausha ni maelewano kati ya hasara mbili. Ukikausha haraka, kwa joto la nyuzi 25 na kuendelea na feni ikipuliza maua moja kwa moja, nje kunakauka ndani ya siku tatu, klorofili inabaki bila kuvunjwa, na matokeo ni harufu ya nyasi zilizokatwa. Harufu hiyo ikishakaa, hakuna mtungi utakaoitoa. Ukikausha polepole mno kwenye unyevu wa asilimia 70, ukungu unakutangulia. Kipimo kinachofanya kazi ni nyuzi 15 hadi 18, unyevu wa hewa asilimia 55 hadi 60, giza, hewa inayotembea chumbani bila kupiga maua, siku 10 hadi 14. Vikonyo vidogo vikivunjika kwa sauti badala ya kupinda, muda umefika.

Kisha chombo cha kioo. Wiki mbili za kwanza kisijazwe zaidi ya robo tatu, kifunguliwe kila siku dakika tano hadi kumi, kwa sababu unyevu wa katikati ya ua unatoka nje na lazima uondoke. Ukifungua ukakutana na harufu ya amonia, maua yaliingia yakiwa mabichi na bakteria wamekwisha anza: yatoe yote, yatandaze saa kadhaa, yarudishe yakishakauka. Ukiona utando wa kijivu au mweupe kama pamba, tupa yote. Usikate sehemu mbaya ukabakiza nyingine, kwani kuvu wa jamii ya Aspergillus huweza kuingia mapafuni, na kwa mtu mwenye kinga dhaifu hilo ni la hatari kweli.

Baada ya hapo mantiki inageuka: sasa chombo kijazwe, kifungwe, kisiguswe. Hewa iliyo juu ya maua hujaa terpeni mpaka kufikia mizani, na kila ukifungua unaimwaga na kuyalazimisha maua kuijaza upya. Mwenye kufungua kila siku "aone hali" ndiye adui wa harufu anayoipenda. Gawa katika vyombo vidogo, kimoja cha kutumia, vingine vya kungoja. Kipimo cha unyevu kinachokubalika na viwango vya kimataifa vya ASTM ni shughuli ya maji kati ya 0.55 na 0.65, kwa lugha ya kipimo cha kawaida cha ndani ya mtungi, asilimia 55 hadi 65. Chini ya 55 tezi hukauka na vichwa huanguka kwa kutikiswa tu.

Mifuko ya plastiki laini inanyonya. Limoneni hupenya ndani ya polietileni kama mafuta kwenye karatasi, taratibu lakini bila kusimama, ndiyo maana mfuko hubaki unanuka hata ukiwa mtupu. Na mwanga ni mbaya zaidi ya watu wanavyodhani, kwa sababu hauondoi mirseni tu, unaigeuza. Mirseni ikipigwa na mwanga mbele ya hewa hupinda umbo na kuwa molekuli iliyopewa jina la hashisheni, iliyoelezwa mwaka 2014, ambayo ni sehemu ya harufu bainifu ya hashishi iliyokaushwa juani. Wapo wanaoitafuta makusudi. Mimi naiona kama kovu, ingawa nakiri ni kovu lenye wapenzi.

Salfa nazo zina ratiba yake: hupanda wiki za mwisho za kuchanua, hufikia kilele wakati wa kukomazwa mtungini, kisha hushuka ndani ya siku chache za kuhifadhiwa. Mnuko mkali kabisa ni dalili ya upya, kuliko ilivyo dalili ya jambo lingine lolote.

Jedwali lenye makosa

Kuna jedwali moja la viwango vya kuchemka linalozunguka kila mahali, hadi kwenye maboksi ya vifaa vya mvuke. Linasema THC huchemka nyuzi 157, kariofileni nyuzi 130 au chini, humuleni nyuzi 106. Halafu mtu anapanga kifaa chake nyuzi 130 "kupata kariofileni peke yake".

Namba hizo zilipimwa kwenye ombwe. Wakemia hukeneka vitu vizito chini ya mgandamizo mdogo ili visiungue, na mgandamizo ukishuka kiwango cha kuchemka kinashuka. Nyuzi 157 ya THC ilipimwa kwa milimita 0.05 za zebaki, wakati hewa ya kawaida ni 760. Hiyo ni kama sehemu moja ya elfu kumi na tano. Ile 130 ya kariofileni ni ya milimita 14, na 106 ya humuleni ni ya milimita 5. Katika hewa ya kawaida kariofileni na humuleni zote huchemka juu ya nyuzi 250. Aliyenakili aliacha safu ya mgandamizo, na kila aliyefuata akanakili kosa.

Namba za monoterpeni ndizo za kuaminika, kwa sababu zilipimwa kwenye hewa ya kawaida: alfa-pineni nyuzi 155 hadi 156, mirseni karibu 167, limoneni 176, linaloli 198. Lakini hata hizi zisitumiwe kama swichi. Maji hukauka kwenye nguo bila kuchemka, na terpeni vivyo hivyo; hewa moto ikipita juu ya ua kwa nyuzi 170 inachukua kila kitu kwa kiasi chake, nyepesi zaidi, nzito kidogo. Kinachotokea ni mpangilio wa kuondoka: nyuzi 165 hadi 180 mvuke mwembamba wenye ladha nyingi, nyuzi 190 hadi 210 mvuke mzito wenye ladha inayofifia, na kuanzia 230 hivi majani yanaanza kuungua na kila harufu inakuwa moshi.

Kwa wanaotia bangi jikoni hali ni hiyohiyo. THCA hugeuzwa THC kwa joto la nyuzi 110 hadi 120 kwa dakika 40 hadi 60 katika oveni, na muda huo unatosha kufukuza sehemu kubwa ya monoterpeni ingawa joto halijafika kuchemka kwa hata moja. Jikoni likinukia, zimeondoka. Chombo kilichofunikwa, na kuachwa kipoe kabisa kabla ya kufunuliwa, huokoa kiasi.

Upande wa pili wa joto ni hatari. Uvutaji wa vimiminiko vikali vya bangi kwenye bamba lililokolezwa moto huzigeuza terpeni zenyewe kuwa sumu: utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mirseni, limoneni na linaloli zikipashwa hivyo hutoa methakroleini, na bamba likizidi moto, benzini pia, ambayo ni ya kusababisha saratani. Bidhaa yenye terpeni nyingi si salama zaidi kwa kuwa "ya asili". Inahitaji moto mdogo zaidi.

Kichwani

Sasa swali ambalo wengi wangelitanguliza. Je, terpeni hubadilisha ulevi?

Msemo wa "athari ya msafara", kwamba vitu vyote vya mmea hufanya kazi kwa pamoja, ulianzia mwaka 1998 kwenye makala ya Ben-Shabat, Mechoulam na wenzao, na haukuhusu terpeni hata kidogo. Ulihusu molekuli za mafuta za mwilini. Ethan Russo aliupeleka kwenye terpeni katika mapitio yake ya mwaka 2011, akipendekeza jozi kadhaa za kuchunguzwa. Mapendekezo. Soko likayasoma kama matokeo.

Chukua mirseni na usingizi. Ushahidi unaotajwa zaidi ni wa panya, mwaka 2002: mirseni miligramu 200 kwa kila kilo ya mwili, iliyodungwa, ilirefusha usingizi wa panya waliokwisha pewa dawa ya usingizi. Ukiigeuza dozi hiyo kwa kanuni ya kawaida ya panya kwenda binadamu, yaani kugawanya kwa 12 hivi, mtu wa kilo 70 anahitaji zaidi ya gramu moja ya mirseni tupu. Ua lenye mirseni asilimia 1, ambalo ni tajiri, lina miligramu 10 kwa gramu. Hesabu inadai maua zaidi ya gramu 110 kwa mkupuo. Ile kanuni kwamba ua lenye mirseni zaidi ya asilimia 0.5 "linalaza" na chini yake "linachangamsha" haina utafiti nyuma yake. Wala ya kula embe kabla ya kuvuta.

Limoneni ina habari nzuri zaidi. Mwaka 2024 watafiti wa Johns Hopkins walichapisha jaribio la watu 20, la siri pande zote mbili (mshiriki na mtafiti hawajui nani kapewa nini), ambamo mvuke wa THC ulitolewa pamoja na limoneni. Wasiwasi unaoletwa na THC ulipungua kadiri limoneni ilivyoongezwa, na ulishuka waziwazi pale miligramu 15 za limoneni zilipochanganywa na miligramu 30 za THC. Hili ni tokeo halisi kwa binadamu, na nalithamini. Ila piga hesabu kabla ya kwenda kununua. Miligramu 30 za THC zipo katika miligramu 150 za ua lenye THC asilimia 20. Ua hilo likiwa na limoneni asilimia 0.4, kiwango cha kawaida tu, utapata miligramu 0.6. Kufikia 15 lingehitaji limoneni asilimia 10, na ua la namna hiyo halipo.

Ushauri wa kutafuna pilipili manga mtu akizidiwa nao upimwe hivyohivyo. Punje moja ina uzito wa miligramu 50 hivi, mafuta asilimia 2 hadi 4, na kariofileni ni sehemu tu ya mafuta hayo: chini ya miligramu moja kwa punje. Haidhuru kitu. Kukaa mahali patulivu na kunywa maji huku saa zikipita hufanya kazi kubwa zaidi.

Kwenye vipokezi, maabara zimetofautiana. Kazi za mwaka 2019 na 2020 ziliweka terpeni za kawaida kwenye chembe zenye CB2 na CB1, kile kipokezi kikuu kingine, na hazikuona zikibadilisha kazi ya THC hapo. Kazi ya mwaka 2021 kwa panya iliona athari zinazojumlishana, kwa dozi kubwa. Msimamo wangu: kwa kiasi kilichomo kwenye ua, terpeni zinaamua ladha na raha ya kunusa, na huenda zinasukuma hisia kidogo kupitia pua na mazoea. Kinachoamua ulevi ni THC, wingi wake, kasi ya kuingia, na mtu mwenyewe.

Majina ya "indica" na "sativa" hayasaidii pia. Uchambuzi wa sampuli karibu 90,000 za Marekani uliochapishwa 2022 ulikuta kwamba lebo hizo haziendani kwa uthabiti na kemia ya ndani. Makundi halisi yalijipanga kwa terpeni zinazotawala, kama kariofileni na limoneni pamoja, mirseni na pineni, au terpinoleni na mirseni.

Kusoma cheti

Tazama tarehe kwanza. Cheti cha miezi minane kinaeleza ua ambalo halipo tena. Kisha vipimo: asilimia 1 ni miligramu 10 kwa gramu, na wauzaji huchagua namba inayoonekana kubwa. Jumla ya kawaida kwa ua ni asilimia 1 hadi 3; kupita 4 ni nadra; ukiona 8 kwenye ua, mtilie shaka aliyepima. Jumla pia hutegemea urefu wa orodha: maabara inayopima terpeni 40 itapata jumla kubwa kuliko inayopima 20, kwa ua lilelile. Na sampuli iliyosagwa ikiwa ya joto hupoteza monoterpeni kabla ya kufika kwenye mashine, ndiyo maana maabara makini husaga ikiwa imegandishwa.

Halafu tafuta pacha. Kariofileni asilimia 0.6 na humuleni sifuri? Hilo mmea hulifanya kwa nadra sana. Ama mashine imekosea kutenganisha vilele vya grafu yake, ama mtu amenyunyiza terpeni za chupa juu ya maua makuukuu. Ua lililonyunyiziwa hujifichua pia kwa pua: hunukia mno ukifungua, na likisagwa haliongezeki harufu, ilhali ua halisi likisagwa hulipuka.

Hizo za chupa, kwa anayezishika: ni viyeyusho. Limoneni huyeyusha plastiki ya vikombe vya povu mbele ya macho yako, kwa hiyo tumia kioo cha rangi, kifuniko chenye kitambaa cha PTFE (plastiki inayostahimili viyeyusho), na pipeti ya kioo. Vaa glavu za nitrili na uzibadilishe zikilowa. Andika tarehe ya kufungua. Limoneni na linaloli zilizokaa na hewa hutengeneza hidroperoksidi, na hizo ndizo zinazoleta mzio wa ngozi, si terpeni mbichi; chupa iliyobaki robo huharibika upesi kuliko iliyojaa, kwa hiyo hamishia kwenye chupa ndogo zaidi, ijaze hadi shingoni, na irudishe kwenye friji.